Masizi Miguuni mwa Mtindi

"Tulia, we mnyama! Tulia nikupambe!"

Beartla alikuwa amepiga magoti uani, mikono myeusi mpaka viwikoni, akimpaka farasi wake jike masizi yaliyokorogwa na mafuta ya bata bukini. Alikuwa ameshamaliza mguu wa mbele wa kulia, goti hadi kwato, na sasa alikuwa kwenye wa kushoto. Farasi mwenyewe, aliyeitwa Mtindi kwa sababu ya rangi yake, alikuwa amegeuza shingo akimtazama kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mlevi amalize hadithi.

Nápla, dada yake, akatokea mlangoni na matenga mawili matupu. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Mwani ulikuwa unamngoja ufukweni, na viazi shambani vilikuwa vinaungoja huo mwani uwe mbolea. Akaangalia mikono ya kaka yake, akaangalia bakuli lililokuwa chini, akayatua matenga.

"Kaka, hayo ni mafuta yangu ya bata?"

"Ni mafuta ya nyumba."

"Bata nimefuga mimi, nimemchinja mimi, nimeyayeyusha mimi. Niliyaweka ya kukusugua kifua ukianza kukohoa."

"Basi sikohoi. Hebu mshike masikio, anacheza huyu."

Nápla hakumshika masikio. Alikaa kwenye kizingiti na kumwacha ahangaike.

Kilichokuwa kinafichwa ni milia. Mtindi alikuwa na mistari ya kahawia iliyokolea iliyoizunguka miguu yake ya mbele, mmoja juu ya mwingine, na mwingine mrefu uliopita katikati ya mgongo kutoka kwenye singa hadi mkiani. Ule wa mgongoni haukuwa na neno, hata farasi wa padri alikuwa nao. Lakini milia ya miguuni kila mtu kijijini alijua maana yake. Maana yake punda. Ilisemekana kwamba zamani za bibi yake Mtindi, punda wa mafundi wa sufuria wanaozurura aliruka ukuta wa mawe, na aibu ya siku ile ndiyo ikawa inatembea na farasi wa ukoo ule mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa huo ukuta. Na kila mtu alijua pia kuwa mtoto wa punda na farasi ni nyumbu, na nyumbu hazai, lakini mambo hayo mawili watu waliyajua kwa siku tofauti.

"Profesa hawezi kuja kuangalia farasi mwenye soksi za punda," Beartla alisema. "Atanicheka mpaka Skotlandi."

"Na asipocheka?"

"Asipocheka atamnunua. Si ndiyo anachofanya? Amenunua kwa watu wa mlimani, anawasafirisha kwa meli. Akishamnunua huyu, mimi nachukua mtoto wa dume la serikali."

Hapo ndipo Nápla alipohisi kichwa kinaanza kumgonga. Dume la serikali! Serikali ilikuwa imeleta kutoka Uingereza dume mrefu, wa kung'aa, anayeinua magoti akitembea utadhani barabara inamuunguza, ili awapandishe majike wetu wadogo na watoto watoke warefu. Watoto walitoka warefu kweli. Jirani yao Learaí alikuwa naye mmoja. Jumapili watu wakitoka misani walisimama kumtazama akipita, na Beartla alimtazama kuliko wote. Siku nyingine mnyama yule alishinda bandani akila, kwa kuwa kwenye mawe aliteleza, kwenye kinamasi alizama, na ukimwekea tenga mgongoni alilala chini.

"Mwani utabebwa na nani?" Nápla aliuliza.

"Mwani utapanda tu."

"Utapanda wenyewe?"

"Tutaona, Nápla. Mbona una haraka ya kuona?"

"Mimi nimeshaona. Nilimwona mama."

Beartla akainama kwenye kwato. Mama yao alibeba mwani mgongoni tangu usichana, enzi ambazo nyumba ile haikuwa na farasi, na alipofika uzeeni alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu. Alizikwa kwenye jeneza lililobidi liongezwe kina. Nyumba, shamba na farasi baba alimwachia Beartla. Nápla alikuwa na bata wake, na Kiingereza.

Kiingereza alikipata Boston, jikoni kwa matajiri. Mume pia alimpata hukohuko, mpakizi wa meli aliyekuwa na pua kubwa na roho nzuri, akafa mapema. Nápla akarudi na sanduku na kofia. Hazikupita siku nyingi akaletewa posa, mwanamume mpole wa ng'ambo ya ghuba, na watu walishakaa mezani na gongo limeshamiminwa, mama wa yule mwanamume aliposema jambo lake. Farasi jike akipandishwa na dume mmoja kwanza, alisema, alama ya yule wa kwanza inabaki kwenye watoto wote watakaofuata, hata ukimpa madume mengine kumi. Na mwanamke ni hivyo hivyo. Yeye hataki wajukuu wenye pua ya mpakizi wa meli aliyezikwa Amerika. Watu wote mezani waliitikia kwa vichwa, maana jambo hilo linajulikana. Posa ikaishia hapo. Nápla akarudi kwa bata.

"Wanakuja," Beartla alisema, akaificha mikono nyuma.

Profesa MacAskill alikuwa mrefu, mwembamba, masharubu mekundu, koti limelowa mpaka limekata tamaa ya kukauka. Alibeba begi la ngozi na fimbo ndefu yenye alama za vipimo. Nyuma yake alikuja Learaí, ambaye hakualikwa, lakini hakuna mgeni aliyewahi kuingia kijiji kile bila Learaí nyuma yake.

Profesa aliwasalimu kwa Kiingereza, na kabla Beartla hajamaliza kumkaribisha alishafika kwa Mtindi. Alimshika singa za paji la uso, akamsogelea, akampulizia puani taratibu, na Mtindi naye akampulizia. Ndivyo tunavyowasalimu farasi kwetu. Nápla alishangaa.

"Nani alikufundisha hivyo, bwana?"

"Bibi yangu. Nimekulia kwake, visiwani kule magharibi ya Skotlandi. Farasi alikuwa mmoja, watu tele." Akarudi nyuma hatua chache. "Kichwa kizuri mno. Na hayo macho! Tangu nianze safari sijaona kichwa kama hiki."

Akaishia hapo. Beartla akangoja. Learaí akavua kofia, akangoja pia. Kwetu ukisifia kitu chenye uhai, unamtaja Mungu papo hapo, na akiwa mnyama unamtemea mate kidogo, ili jicho lako lisimwache na madhara. Asiyefanya hivyo ama hakulelewa, ama ana lake.

"Kasemaje?" Beartla aliuliza.

"Kasema kichwa chake kizuri, Mungu ambariki," Nápla akatafsiri.

"Mungu sikumsikia," Learaí alisema. "Na neno la Mungu kwa Kiingereza nalijua, polisi hulitumia kututukania."

"Kamtaja moyoni."

"Ah, moyoni! Jicho liko nje, baraka ziko moyoni."

Nápla alivuta pumzi. Mtu amesoma mpaka nywele zimepungua, na bado yeye ndiye amwombee baraka! Profesa alikuwa ameinama akifungua begi lake na masharubu yalimcheza kidogo. Akatoa tepu kama ya fundi cherehani.

Alipima kila kitu. Alipima urefu wa mabega kwa fimbo, akapima kichwa, masikio, upana wa paji. Akapitisha tepu kuzunguka mfupa chini ya goti, na tepu ikatoka nyeusi.

"Nini hii?"

"Kinamasi, bwana," Nápla alijibu. "Huku kila kitu kina kinamasi."

Profesa aliitazama tepu, akamtazama Beartla ambaye mikono yake bado ilikuwa nyuma kama ya mtoto mbele ya mwalimu, akaifuta tepu kwenye suruali. Hakuuliza zaidi. Akatoa begini picha iliyobandikwa kwenye ubao, akawaonyesha.

"Huyu ni dume wangu. Ametoka Afrika. Punda milia."

Wapo watu duniani ambao mnyama yule wamemzoea mpaka hawageuzi shingo akipita. Sisi tulimkodolea macho. Milia kuanzia puani hadi kwatoni, hadi kwenye masikio, na tumbo la kushiba.

"Nampandisha kwa farasi wadogo wa kila aina," Profesa alieleza, "nione watoto wanatoka vipi. Nataka kujua farasi hawa walitoka wapi, na nani alimzaa nani."

Nápla akatafsiri. Learaí alisogeza pua karibu na picha.

"Huyu kafumwa na mwanamke mlevi," alisema. "Uzi mweusi, uzi mweupe, mishono hakuhesabu. Ona pale kiunoni alivyosinzia."

Profesa akakohoa kwa nguvu, akageuka kuangalia bahari. Nápla alikuwa bado hajatafsiri neno, na aliona hakuna haja.

Mgeni alipogeuka tena, uso wake ulikuwa umechoka. "Mama, nikwambie kweli. Nimekuja hapa kwa sababu padri aliniambia kuna jike mwenye milia miguuni. Huyu ni mzuri, lakini miguu yake ni myeusi tu. Labda padri alichanganya."

"Milia?" Nápla alisema. "Milia ya nini?"

"Ndiyo alama ya wale wa zamani kabisa. Watu wananiambia farasi wenu walitoka kwenye meli za Wahispania zilizovunjika hapa pwani. Labda wawili watatu. Lakini mwenye milia miguuni ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya meli yoyote. Nimetafuta kutoka milimani mpaka huku, na kila nikifika naambiwa alikuwepo, akafa, au watoto wake wote ni wa yule dume la serikali anayerusha magoti." Akapiga fimbo chini. "Wanawaharibu! Mwaka hadi mwaka wanawaharibu, na mimi nachelewa kila mahali. Huyu angekuwa na milia ningemchukua leo hii, kwa bei yoyote atakayotaja kaka yako."

Nápla aliiangalia miguu ya Mtindi. Tangu asubuhi alikuwa ameyalaani masizi yale na aliyeyapaka. Sasa ndiyo yaliyosimama kati ya mgongo wake na tenga la mwani. Juu ya bahari wingu lilikuwa linakuja, tena lile pana ambalo huwa halipiti bila kuacha kitu.

"Anasemaje?" Beartla aliuliza. "Kaongea sana. Ni jambo zuri?"

"Anasema miguu."

"Miguu imefanyaje?"

"Mifupi."

"Mifupi!" Beartla aliruka. "Inafika chini! Anataka ifike wapi?"

"Kaka anaomba radhi kwa usumbufu," Nápla alimwambia Profesa.

"Ameomba kwa sauti kubwa."

"Ndivyo alivyo, bwana. Mpole sana."

"Mwambie," Beartla aliendelea, "mwambie huyu anabeba matenga mawili yamejaa mwani, na wewe umekaa juu, na anapanda njia ya mawe kwenye mvua bila kujikwaa. Mwambie!"

Nápla alikuwa amejizuia tangu asubuhi. Hapo akashindwa.

"Nimwambie hivyo ili iweje? Amchukue, halafu matenga abebe nani? Nijibu mbele za watu, Beartla! Yule mrembo wako wa kurusha magoti atabeba? Wa Learaí anabeba?"

"Wangu asihusishwe," Learaí alisema. "Ana mgongo mwororo."

"Nitabeba mimi! Mgongo huu! Mimi si tenga, Beartla. Mama alikufa akiwa hajui rangi ya mbingu kwa ajili ya viazi vyako, na wewe unanipakia mafuta yangu kwenye farasi ili upate cha kutazamwa Jumapili!"

"Mbele ya mgeni, Nápla!"

"Mgeni hasikii. Ndiyo raha yake."

Profesa alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Kamba ile ilimchukua muda mrefu. Beartla, masikio yamemwiva, akasema anakwenda kuleta chupa, kwamba hakuna biashara iliyowahi kufungwa na watu wenye koo kavu, akaingia ndani. Learaí akamfuata, maana pale penye gongo ndipo kwao.

Uani wakabaki wawili, na farasi. Nápla alitaka kunyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza mpaka mtu yule aende zake. Lakini jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu ile picha.

"Hao majike unaowapa huyo punda milia," alisema. "Baadaye unawapa dume wa kawaida?"

"Ndiyo. Hilo hasa ndilo nililolianzia. Wafugaji wanasema, na si wadogo tu, hata mabwana wenye mazizi makubwa, kwamba dume wa kwanza…"

"Najua wanavyosema." Sauti ilimtoka kavu. "Nauliza, ni kweli?"

"Hapana."

"Hapana kabisa?"

"Kabisa. Nimejaribu tena na tena. Mtoto wa kwanza anatoka na milia ya baba yake. Anayefuata anamfuata baba yake yeye na mama yake, basi. Kuna waliozaliwa na mistari hafifu, watu wakanipigia kelele, haya, unaona! Nikaenda kwa majike ambao hawajawahi hata kunusa punda milia, nikakuta watoto wao wana mistari ileile. Yule wa kwanza haachi kitu."

"Haachi kitu," Nápla alirudia.

Alishika hatamu ya Mtindi ingawa farasi hakuwa anakwenda popote. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Yule mama wa ng'ambo ya ghuba alishakufa. Mwanawe alishaoa, ana watoto wenye pua za kawaida. Miaka yote ile Nápla alipokuwa akilala chumba cha nyuma akisikiliza bata, jibu lilikuwa Skotlandi kwenye zizi la mtu, linatafuna nyasi. Alicheka, na kicheko hakikumpendeza hata yeye.

"Umechelewa, bwana."

"Nimechelewa wapi?"

"Basi tu. Umechelewa."

Tone la kwanza la mvua likaangukia bakuli la masizi. Nápla akamvuta Mtindi mpaka chini ya ukingo wa paa la nyasi, akasimama mbele ya miguu ile, sketi yake nyekundu ya sufu imeiziba yote. Alijisikia mjinga. Masizi aliyoyalaani, sasa anayafunika yasilowe.

Beartla alirudi na chupa, kikombe, na uso mpya wa kibiashara. Profesa akapewa, akanywa, macho yakamtoka machozi, akashukuru.

"Sasa mwambie," Beartla alisema, "namwongezea na hatamu. Na tandiko. Tena mwambie nawapenda Waskoti."

Nápla aligeuka. "Kaka anauliza kama utapenda kingine."

"Mwambie nashukuru, kimenitosha," Profesa alisema. "Mwambie farasi wake ni wa kutunzwa."

"Anasemaje?"

"Anasema hapana." Nápla aliona uso wa kaka yake unaanza kupanga hoja nyingine, akaamua kumaliza kabisa. "Anasema kulingana na elimu yake, farasi wa rangi hii damu yao ni baridi. Akipandishwa na mnyama wa Afrika, pale damu ya moto na ya baridi zinapokutana, atazaa jiwe."

Gongo lilimpalia Profesa. Alikohoa mpaka Learaí akampiga mgongoni.

"Jiwe?" Beartla aliuliza.

"Hilo nimewahi kulisikia," Learaí alisema kwa uzito. "Kwa shangazi yangu, ng'ombe."

Beartla aliangalia chupa, akamwangalia Mtindi kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, akainyakua chupa na kuingia ndani. Nusu ya chini ya mlango ilifungwa kwa teke, na nusu ya juu ikabaki inabembea. Learaí, kuona chupa imeondoka, alivaa kofia naye akaondoka. Lakini hakuweza kuondoka kimya. Alipofika kwenye ukuta wa mawe akageuka.

"Na mate hajamtemea!" alipiga kelele. "Kamsifia, kampima, kamvuta masikio, mate hakuna! Farasi huyu akifa Jumapili, mimi nilisema!"

Nápla hakutafsiri. Alishachoka kutafsiri, na uongo ulikuwa umemwishia. Profesa alikuwa ameshatia begi begani, ameshapiga hatua tatu nne kuelekea njiani. Akasimama. Akatua begi.

Alirudi mpaka kwa Mtindi na kuinama kwenye mguu wa kushoto, mgongo wake ameupa ukuta na nyumba. Nápla alilazimika kusogeza sketi. Profesa alitema mate kwenye kidole gumba, akasugua chini ya goti.

Mafuta yakateleza, na chini yake ukatokea mstari, mwembamba, wa kahawia iliyokolea. Alisugua kidogo tena. Ukatokea wa pili.

Kidole kikabaki palepale. Nápla aliuona uso wake kwa upande, na haukuwa uso wa msomi. Ulikuwa uso wa mtu mwenye njaa aliyefunguliwa sufuria. Akimtaka farasi, Profesa angeita tu, Beartla yuko hatua kumi, na kila kitu kimekwisha. Mvua ilikuwa inamdondokea shingoni.

Profesa akapandisha kidole juu kidogo, akachota masizi pale yalipokuwa mazito, akayavuta chini. Mara moja, mara mbili. Akalainisha pembeni kwa uangalifu. Alipaka vizuri kuliko Beartla.

Akasimama, mkono kwenye shingo ya farasi.

"Mungu ambariki," alisema.

Hakusema kwa Kiingereza. Alisema kwa lugha ya bibi yake, ile ya visiwani, ambayo na yetu ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili, matamshi yamepinda lakini hakuna neno linalopotea. Alisema polepole, kwa sauti ambayo haikufika hata mlangoni.

"Na mgongo wako pia, mama."

Akachukua begi na fimbo, akaenda.

Nápla alibaki na hatamu mkononi. Kwanza akakumbuka jiwe. Halafu miguu mifupi, na kwamba lugha yetu nzima ilikuwa imemwagwa mbele ya mtu yule tangu alipoingia, na mama, na tenga, na mafuta ya bata. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Hata yule mwanamke mlevi wa Learaí na mishono yake, mtu alisikia, akageukia bahari! Alitaka kumkimbilia amtukane, na alitaka kumkimbilia amshukuru, na kwa kuwa hayo mawili hayaendi pamoja alichukua matenga, akayafunga mgongoni kwa Mtindi, moja huku, moja huku, na kushuka naye ufukweni.

Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mtindi aliingia bila kuambiwa, mpaka magotini, kama alivyozoea, na kusimama kando ya mwamba wenye mwani mzito. Wimbi dogo likaja likarudi. Utando mweusi wa mafuta ukaanza kuelea kuizunguka miguu yake, ukatanuka, ukapasuka, ukachukuliwa. Nápla alikunja sketi, akainama, akamsugua kwa konzi ya mchanga, huku akimnung'unikia kaka yake, na mafuta yake, na msimu mzima wa kikohozi unaokuja. Mstari wa kwanza ukatoka. Ukatoka na mwingine.

Alipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama kule juu barabarani, mwembamba, na fimbo. Kutoka pale ufukwe wote unaonekana, na mvua ilikuwa imepungua. Hakupunga mkono. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani, na alikuwa anatazama chini, kwenye maji, kwenye miguu ile.

Nápla hakumsogeza farasi. Alirudi kwenye mwamba, akakata fungu la kwanza la mwani, akalipandisha kwenye tenga, likichuruzika. Akakata la pili. Alipogeuka tena kuangalia, bado alikuwa pale, kichwa wazi kwenye mvua.